Picha Kumi na Moja

Idara ya kompyuta walimwita binti huyu Wakili. Ukivuka uwanja wa mpira ukafika idara ya haki jinai, huko walimwita Fundi. Chuo kilikuwa kimetangaza kwa mbwembwe kwamba masomo hayo mawili yamefunga ndoa: usalama wa mtandao na haki jinai, shahada moja. Ndoa gani hiyo ya watu wasiosalimiana? Ratiba zilipangwa na makarani wawili wasioonana, na kila Jumanne saa nne somo la utunzaji wa ushahidi liligongana na mazoezi ya maabara. Alilalamika mpaka akachoka. Karani wa huku alimtuma kule, wa kule akamrudisha huku, wakamfanya mpira. Mwishowe akachagua maabara; ya ushahidi angenakili kwa wenzake. Akanakili kweli, daftari zima. Kulisoma ndiko kulikomshinda.

Ndipo dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alipoweka simu yake mezani mbele yake. Mtu mwenye jina la bandia alikuwa akimtumia picha zake za faragha, zilizoibwa simu ilipokuwa ikichajiwa ofisini, na kumtisha kwamba atazisambaza kwa wazazi wa wanafunzi asipoitikia anayoyataka.

"Wewe si ndiye unayesomea mambo haya?" dada akasema. "Nisaidie, mdogo wangu. Sitaki mama ajue."

Damu ilimchemka. Mchana mmoja tu ulimtosha. Alimtegea yule mtu kiungo cha mtandao chenye ukurasa bandia, naye akabofya bila kufikiri, akampa nenosiri lake mkononi. Alipoingia kwenye akaunti alimtambua mwenyewe papo hapo: mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya dada, yule anayesimama mstarini kila asubuhi kuwahubiria watoto adabu. Picha za dada zilikuwa kumi na moja. Alizifuta moja moja huku akilia kwa hasira, kisha akazima kompyuta akijiona shujaa. Dada alilala fofofo kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Asubuhi alikwenda polisi kifua mbele. Mpelelezi, mtu mzima mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika kila neno, mpaka alipouliza jina la mwalimu huyo limepatikanaje. Akaelezwa hatua kwa hatua, kama vile wako maabarani. Mpelelezi akaweka kalamu chini.

"Binti, kibali cha mahakama ulikuwa nacho?"

"Sikuwa nacho, afande."

"Na hizo picha ziko wapi?"

"Nimezifuta."

Mzee alivua miwani. "Ungeniletea simu ya dada yako tu, ningeanzia hapo. Sasa wakili wa huyo mwalimu atasema chochote kilichobaki mle umekiweka wewe. Na nikiendelea kuandika haya, mshtakiwa wa kwanza ni wewe."

Kesi ikaishia pale pale, na binti akarudi nyumbani amefura kwa hasira. Aliwakasirikia makarani wote wawili, akaikasirikia Jumanne yenyewe, akafungua daftari lile la ushahidi ili apate wa kumlaumu. Ukurasa wa tatu ulisema usiguse, omba kibali, nakili kwanza, usifute kitu. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Akalitupa ukutani, kisha akaliokota akaanza kulisoma.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa na swali hilo hilo: mtu ameingia kwenye akaunti ya mtuhumiwa bila kibali, eleza makosa yake. Aliandika hadi akaomba karatasi ya ziada. Alipata alama za juu kuliko wote, na mhadhiri akalisoma jibu lake mbele ya darasa, akalisifu kwamba linanukia maisha. Alitamani ardhi immeze.

Alipomwonyesha dada matokeo, dada alikuwa akipiga pasi sketi ya kazini. Aliyasoma yote, akatabasamu kidogo, akasema hongera, mdogo wangu, nilijua utafaulu. Kisha akatazama saa na kuchukua mkoba haraka, maana kengele ilikuwa inakaribia, na anayesimama getini kuandika majina ya walimu waliochelewa alikuwa yule yule.