Mersenere Mwenye Kufunika Uso

Ninyi vijana mutakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Shule nilisoma kidogo, sitapamba maneno.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kiume, aliazima shuleni kitabu cha picha, vile wanavyoita bede. Ndani kuna watu wenye nguvu wanaoruka hewani, na adui wao mmoja aliyefunika uso wote. Huyo haui kwa hasira. Anaua kwa kulipwa, anapangusa panga lake, anakwenda kwa mwingine mwenye kulipa. Ana binti ambaye hajui kazi ya baba yake.

Tulikuwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba, hapa Baraka, naye ananisomea akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Neno moja akaliacha lilivyo: mersenere, yaani askari wa kulipwa.

Kisu kikanitoka mkononi.

“Koko, we unajua hilo neno?” Koko ndiyo bibi kwetu.

“Hilo neno lilitutoa Fizi nikiwa mudogo kukupita.”

Nikamwambia. Wale wa zamani walikuja na magari, wazungu, nyuso wazi, wanacheka. Tulilala porini, mama ameniziba mdomo kwa kiganja.

“Habakufunika sura?”

“Bafunike ya nini? Nani alikuwa anabajua?”

Akacheka sana. “Basi huyu wa kitabu iko muoga!”

Mimi sikucheka. Mvua zilizopita watu wa silaha waliingia kwetu mchana, yeye akiwa ziwani anaosha vyombo. Walitaka mbuzi. Wote walivaa kagule, ule mfuko wa kichwa wenye matundu ya macho. Mlango wa jikoni kwangu una mti wa juu ulio chini mno. Kila mgeni anaugonga, hata mchungaji wetu aliugonga. Wa kwanza akaugonga, akatukana. Wa pili aliinama kabla hajaufikia, bila kuutazama. Akageuka kushoto, penye mtungi, akanywa, akafunika kikombe kifudifudi kama nilivyofundisha watoto wangu. Hakuniangalia. Jina lake lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nililimeza. Wakaenda na mbuzi.

Mwanangu alituaga kwamba anakwenda kuchimba dhahabu milimani. Binti yake angali anaamini hivyo. Kila jioni anamwombea udongo usimwangukie.

Tangu siku ile, nikisikia viatu uani, naangalia kichwa kwanza, kama kitainama.

Mjukuu akaendelea kusoma. Kitabuni, binti anamrukia mtu yule, anamvua kifuniko cha uso, na baba anatupa panga, analia. Mtoto akasimama kwa furaha.

“Koko, bale ba mbuzi bakirudi, mi nitamuvula mumoja kagule! Nione kama atalia!”

Akanivuta kitambaa kichwani kunionyesha. Nikaona mkono ule mdogo usoni pa baba yake, na wenzake nyuma wakiwa na bunduki, wasiotaka mmoja wao ajulikane.

“Kaa chini.”

“Koko, ninacheza tu.”

“Nimesema kaa.”

Niliita wote, mama yake na wadogo zake, mihogo ikabaki nusu imemenywa. Sikueleza sababu. Nikasema: “Mwenye kufunika sura akiingia hapa, hakuna wa kumugusa. Mumupe anachotaka, mutazame chini. Na hata mukimujua, musimuite jina.”