Mama Mukwe na Kozi ya Kwenye Simu

Mtihani wa kwanza nilianguka. Mimi ni mwuguzi, nazalisha akina mama hapa Butembo, na kozi mpya ya Kifaransa ilikuwa imetumwa yote kwenye simu, zaidi ya kurasa mia. Nilizisoma zote. Kidole kilisukuma, macho yalifuata, ujumbe wa wanakwaya wenzangu ukaingia, nikajibu, nikarudi nisijue nilikuwa nimefika wapi.

Wakati huo mama mukwe alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwake Masereka, akikaa kwetu kwa matibabu ya mguu. Hajui kusoma. Asubuhi moja alikuwa anachambua maharage, akaniuliza ile kozi inasema nini. Nikafungua kinywa, nikakosa hata sentensi moja. Niliona haya kweli.

Hakunicheka. Alisema, "Weka simu chini, uniambie na kinywa yako. Kidogo kidogo."

Tukaanza hivyo. Nilikata mtandao, nikakuza maandishi, nikasoma ukurasa mmoja tu. Kisha niliifunika simu mezani na kumsimulia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, kwa sababu maneno mengi ya Kifaransa hayana ndugu katika Kinande. Nisilolielewa sikuweza kulivusha. Naye haachi kitu kipite. Tulipofika kwenye damu inayotoka baada ya kuzaa, aliuliza, "Na kama haisimame, mutafanya nini?" Nilikuwa nimeruka mistari mitatu, na jibu lilikuwa humo. Nikaifungua simu tena.

Tulimaliza kozi mguu wake ukiwa umepona, akarudi kwake.

Mtihani wa pili ulifanyika Beni, kwenye kompyuta, katika ukumbi mmoja upande wa Mavivi. Aliyekaa jirani yangu alimaliza mimi nikiwa kwenye swali la tisa. Sikutikisika. Kila swali nililisoma, nikaangalia ukuta, nikajiambia kwa Kinande linataka nini, ndipo nikajibu. Orodha ilipobandikwa, niliitafuta nafasi yangu kuanzia chini. Nilikuwa wa kwanza.

Nilimpigia mama mukwe palepale uani. Alimshukuru Mungu, halafu akasema kwa utulivu, "Mie pia niko nafundisha bamama ya huku ile kozi. Wiki hii babili bameshaenda kuzalia kwa santé, kwa kituo cha afya, bakiwa bangali na nguvu."

Nilicheka peke yangu mbele ya watu wote.