Mchoro Chini ya Gunia

Mwalimu wetu wa biolojia pale Kindu hakuwa na kitabu cha kutugawia, hata kimoja. Alichora ubaoni moyo wa chura au ua lililopasuliwa, akatuacha tuangalie huku akihesabu mpaka kumi, kisha akafunika kwa gunia. Hapo ilikuwa zamu yetu kuchora. Kila mstari uliokosekana ulikuwa fimbo moja kwenye ncha za vidole.

Nilikuwa nimetoka mji wa Kalima kuja kuishi kwa shangazi, na nilimchukia mwalimu huyo tangu wiki ya kwanza. Niligundua kwamba nikijaribu kubeba mchoro mzima, sibaki na kitu. Basi nikawa nachukua vipande vitatu au vinne vikubwa, na namna vilivyoshikana. Nikifumba macho, bado niliviona. Fimbo zikaisha.

Jambo hilo lilimkera. Asubuhi moja akaniita mbele, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa mpaka shingoni.

«Wewe mutoto wa Kalima, unaibia wapi?»

«Siibi, mwalimu. Ninaangalia tu.»

Akafunua mchoro wa figo, akahesabu, akafunika. Kabla sijashika chaki akaniamuru niimbe wimbo wa chama, ule wa kila asubuhi mbele ya bendera. Nikaimba, nikachora. Haukukosekana hata mshipa mmoja. Maneno yalipita mdomoni, picha ilikuwa imekaa kwingine.

Akafuta figo. Akachora jani upande wa kushoto wa ubao, na jicho upande wa kulia. Akanionyesha jani, akalifunika, papo hapo akanishika kichwa na kukigeuza nitazame jicho.

«Sasa chora ya kwanza.»

Nilifumba macho nikakuta jicho tu. Miaka baadaye, nikisomea uuguzi, niliambiwa kwamba kile macho yanachoshika hukaa kwa muda mfupi, mahali padogo, na kipya hukisukuma cha zamani. Siku ile nilijua tu kwamba nimenyang'anywa.

«Munaona?» akawaambia wenzangu. «Mwizi.» Wakacheka. Akanichapa mikono yote miwili.

Nikamwambia, «Umeweka moja juu ya ingine, mwalimu. Gunia liko pale. Chora wewe.»

Alifungua daftari lake kutafuta jani. Kila mtu alimwona.

Nilifukuzwa siku tatu. Shangazi alinirudisha shuleni akanipigisha magoti mbele ya mwalimu.

«Omba musamaha.»

Niliomba, kwa mdomo tu. Nilipomaliza shule nilikutana na mwalimu sokoni, amezeeka kidogo. Akanisalimia kwa uchangamfu, akauliza habari za nyumbani. Sikumjibu, nikapita.