Pua ya Dilip wa Nyasubi

Nyasubi nzima ilijua kwamba Dilip hauzi asichokionja. Sukari guru aliilamba, majani ya chai aliyatafuna makavu, na aliyetaka mafuta ya alizeti alisubiri mpaka mwenye duka aweke tone ulimini na kutikisa kichwa. Wengine walimcheka. Lakini walirudi, kwa sababu hakuwahi kuwauzia kilichochacha, na hapa Kahama si kila duka linaweza kuapa hivyo.

Kilichomletea wateja wakubwa ni siga, zile sigara nene za majani matupu, bila karatasi. Wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu upande wa Geita, walizitaka kila mwamba ulipowakubali, na walizitaka zaidi wakishamsikia Dilip akizieleza. Boksi jipya likifika, alikaa baraza ya nyuma, akavuta moja, akataja kwa sauti kila alichokipata ndani yake. Mkewe, Lataben, alisikiliza kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi, na hakuwahi kutia neno.

Miaka michache nyuma Dilip aliota uvimbe nyuma ya pua. Madaktari wa Mwanza waliukata, wakamchoma kwa mionzi, wakampiga marufuku tumbaku. Mmoja wao alimwambia jambo jingine, Lataben akiwa kando yake: siku utakaposhindwa kunusa, ujue huenda uvimbe umerudi, usingoje, panda gari uje. Dilip aliacha kuvuta, isipokuwa ile siga moja ya kuonja. Ajabu ni kwamba Lataben, mwanamke anayegomba hata chumvi ikizidi kwenye sahani ya mumewe, aliiruhusu.

Sasa pua ilikuwa imekufa. Ilianza na ubani wa Diwali, akadhani ubani wenyewe ndio mbovu. Kisha dengu ziliungua jikoni, Lataben akatoka mbio uani kuziokoa, kumbe Dilip alikuwa amekaa mlangoni pale pale na gazeti lake. Alinyamaza. Mtu huyu aliyewafukuzia hospitali wakohozi wote wa mtaa, akiwaambia juu ya kaunta kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, aliyafunika ya kwake kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Aliogopa. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kukaa tena kwenye kiti cha daktari na kuambiwa hakuna tena pa kukata.

Boksi la siga za Nikaragua lilifika kiangazi, wakati upepo wa Kahama unapasua hata midomo. Siga ikikauka huharibika, kwa hiyo Dilip alichukua kopo tupu jikoni, akaliosha kwa sabuni, akatia sponji iliyolowa maji, akalifungia kwenye kabati la dukani pamoja na boksi. Siku chache baadaye mteja wake wa zamani, Sostenes, mwenye duara huko Geita, aliingia barazani na kuvuta stuli.

“Shikamoo, Baba Hemal.”

“Marahaba. Duara linasemaje?”

“Limetema kidogo. Nataka boksi zima, wabia wangu wanakuja. Ila nieleze kwanza.”

Dilip aliigeuza siga kwenye mwanga. Jani la nje lilikuwa la kahawia iliyokolea, lenye mafuta, mishipa yake myembamba. Akaiminya taratibu kutoka kichwani hadi mwisho, asikute palipolegea. Mpaka hapo hakudanganya. Macho na vidole vilikuwa bado vyake. Akakata kichwa, akaipasha moto bila haraka, akavuta.

Moshi ulijaa mdomoni, mzito. Akaupitisha puani, ukamchoma, basi. Ulimi ulipata uchungu. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, na Dilip akaanza kusema yale aliyoyakumbuka kutoka siga za zamani.

“Pilipili manga kwanza,” alisema, kwa sauti ya kufika jikoni. “Inakuja kwa fujo, halafu inatulia. Nyuma yake kahawa iliyokaangwa sana. Kakao, ile chungu. Na ngozi ya kiatu kipya.”

“Na nguvu yake?”

“Kubwa. Hii haivutwi na mwenye njaa. Kula ugali kwanza, tena na nyama.”

Sostenes alicheka, akawasha ya kwake. Alivuta mara moja na kicheko kikamkauka. Akaitazama siga, akamtazama mzee, akavuta tena kidogo ili ahakikishe, kisha akaizima kwenye kisahani.

“Nitaimalizia nyumbani,” alisema. “Boksi nitalipitia kesho.” Alipofika mlango wa jikoni alimuaga Lataben, “Haya mayu, tutaonana,” bila kuinua macho.

Lataben alitoka akijifuta mikono kwa pindo la sari. Akakaa kwenye stuli ya Sostenes, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siga ikiwa inawaka.

“Umesema kahawa,” alisema.

“Ndiyo, kahawa.”

“Na kakao.”

“Na kakao.”

“Na mvuje je, Baba Hemal? Mbona hukuutaja?”

Dilip alikung'uta jivu kwenye kisahani. Lataben aliingia dukani, akarudi na lile kopo lenye sponji.

“Hili ni kopo langu la mvuje wa kutia kwenye dengu. Hata ulioshe mwaka mzima halitakati. Boksi zima linanuka, baraza inanuka. Sostenes ana adabu tu.”

“Nilidhani...”

“Ulidhani nilikuachia hiyo siga moja kwa ajili ya biashara? Kila boksi nilisimama pale mlangoni nasikiliza kama bado unanusa. Ukishataja kahawa yako, moyo wangu unatulia. Sikuwa na kipimo kingine.” Akaliweka kopo chini. “Tangu lini?”

Angeweza kusema tangu juzi. “Tangu Diwali,” alisema.

“Na maboksi yote yaliyokuja tangu Diwali? Ulikuwa unakariri tu?”

“Yote.”

“Na mimi nilikuwa nalala usingizi,” alisema Lataben. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akasimama, akaenda chumbani kutafuta begi la Mwanza.

Siga ilikuwa haijazimika. Dilip aliivuta mara nyingine, akaupitisha moshi puani, akautafuta mvuje kwa nguvu zake zote. Moshi ulimchoma, basi.