Tarumbeta Langu Harusini

Jamani, Jumamosi nilijiaibisha harusini, na heri mnisikie mimi mwenyewe kabla wenzangu hawajawasimulia.

Napiga tarumbeta. Kuna bendi hapa Kampala inayochanganya fanki, jazi na afrobiti, nami nilikuwa najaribiwa. Tulialikwa kupiga kwenye harusi Port Bell. Kato, kiongozi wa bendi, akaniambia, "Munnange, rafiki yangu, leo utapiga peke yako kidogo. Hapo ndipo nitajua kama nakuchukua."

Zamu yangu ilipofika nilifumba macho, nikapuliza. Mara vigelegele vikalipuka. Nikajua nimewakamata, nikazidisha mbwembwe. Gitaa la besi likanyamaza, kisha ngoma, nikadhani wenzangu wananipisha. Baadaye ukumbi wote ukawa kimya. Nikasema moyoni, sasa wanasikiliza kwa makini. Nikalainisha sauti, nikapiga kwa huzuni kama mtu aliyefiwa.

Kato akanivuta shati. Nikafumbua macho. Maharusi walikuwa wameshaingia, nao ndio walioshangiliwa. Watu wote walikuwa wamesimama, wameinamisha vichwa. Pasta alikuwa ameshika maikrofoni, ananitazama.

"Kijana," akasema, na spika zikavumisha sauti yake ukumbi mzima, "ukimaliza, na sisi tutaomba."