Flai Nene na Trauti wa Greenbelt

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja jijini Nairobi, supavaiza alichukua flai niliyohangaika nayo asubuhi nzima, akaivuta kwa kucha hadi ikafumuka, akanirudishia ndoana tupu. Flai, kwa ninyi msioijua kazi yetu, ni chambo cha bandia: ndoana ndogo iliyovishwa uzi na unyoya wa shingo ya jogoo ili ifanane na mdudu aliyetua majini. Unaibana ndoana kwenye jiliwa, unazungusha uzi, unamalizia kwa vanishi. Supavaiza wetu alitaka flai nene, isiyofumuka hata ukiikanyaga. Nikawa fundi, na nilijidai haswa. Flai zetu zilikwenda Ulaya na Marekani, lakini katika benchi letu zima hakuna aliyewahi kumwona trauti, samaki tuliyekuwa tukimfanyia kazi.

Ufundi huo ndio ulionifikisha Washington. Nilipanga chumba Columbia Heights, nikapata nafasi ya kufunga flai katika duka la vifaa vya uvuvi upande wa Maryland. Meneja, Mmarekani mpole asiyezungusha maneno, alizisifu sana. Masika ilipofika, wateja wakaanza kulalamika kwamba flai zangu ni nzuri lakini samaki hawazitaki. Ijumaa moja akaniambia kuwa Jumatatu tutazungumza kuhusu nafasi yangu. Nilielewa. Mama yangu na wanangu wawili kule Nyeri walikula kutokana na benchi lile.

Zuhura, mwenzangu wa kaunta, mzaliwa wa Tanga, alikuwa amejifunza kuvua humo humo dukani na kunogewa. Nilipomweleza, alinicheka kwanza.

"Shoga, miaka yote hiyo hujamwona samaki akiila flai yako? Jumapili twende."

Nikakosa kanisa, Mungu anisamehe. Tuliazima boti ya makasia ya dukani, tukaenda kwenye bwawa moja nje ya mji wa Greenbelt ambamo serikali ya jimbo humwaga trauti kila masika. Zuhura alikuwa ameubana mtandio wake kwa pini pande zote ili mshipi wa kuvulia usiunase. Mimi nilipiga makasia, yeye akarusha. Flai yangu ikatua vizuri. Trauti akapanda, akaitazama, akageuka zake. Wa pili akafanya vile vile. Nilihisi nimetukanwa.

"Usi-panic," Zuhura akasema. "Hebu watazame wadudu wenyewe."

Walikuwa wembamba, wamesimama juu ya maji kwa miguu myembamba kama nywele. Flai yangu ilikaa katikati yao kama brashi ya viatu. Zuhura akanipa mkasi.

"Ikate mwenyewe. Mimi siwezi kukuharibia kazi yako."

Mkono ulikuwa mzito. Nilipunguza unyoya, nikapunguza tena, kikabaki kitu ambacho supavaiza angekitupa kwenye pipa. Zuhura akakirusha. Maji yakaruka, ufito wa mshipi ukapinda. Niliachia makasia nikalia, boti ikizunguka hovyo, Zuhura akinifokea nishike wavu. Nikamwona: madoa meusi, mstari wa waridi ubavuni, na flai yangu pembeni mwa mdomo. Tukamrudisha majini.

Jioni ile nilifunga flai nyembamba, na Jumatatu nikamwekea meneja mezani kabla hajafungua mdomo. Akazijaribu, akaniacha kazini. Nilikaa kwenye benchi lile hadi macho yalipokataa, ndipo nikastaafu. Wajukuu wakiniuliza, kwa Kiingereza chao, kama naikumbuka kazi, ninachokikumbuka zaidi ni simu niliyopiga Nairobi asubuhi ya Jumatatu ile, kabla ya kwenda dukani.

Supavaiza alipokea mwenyewe. Nikamwambia unyoya tunaufunga mwingi mno. Akaniuliza kwa ukali ule ule, "Nani amekufundisha hayo?"

"Samaki."

Akauliza taratibu, "Umemwona akiila?"

"Nimemwona."

Nikamsikia akiwaambia wanawake wa benchi letu la zamani waache kazi. Viti vikaburutwa kule, vingi.

"Haya," akasema. "Wote wako hapa. Waambie wewe."