Mpini Unaokaa kwa Mama Lydiah

Saa sita kasoro dakika ishirini mchana. Mativo Muindi anapanda kutoka shimoni, vumbi la kijivu limemjaa hadi kwenye kope, kofia ngumu ameivua na kuishika mkononi kama mtu anayeingia kanisani.

Mashimo thelathini na mawili yamekwisha kujazwa baruti. Nyaya zimeunganishwa. Kimebaki kitu kimoja, nacho hakiko ofisini kwa kampuni wala mfukoni mwa Mativo. Kiko jikoni kwa muuza uji.

"Hodi, Mama Lydiah," anaita. "Nimekuja kuomba."

Wacera, ambaye kitongoji kizima cha Mawe Matatu humwita kwa jina la bintiye, hana haraka. Anatoka mlangoni na kupaza sauti. Jirani anaipokea, anaipeleka kwa mwenzake, mpaka nyumba ya mwisho ijibu kwamba watoto wote wako ndani. Ndipo anapotumbukiza mkono katika kopo la unga na kutoa mpini wa chuma, mfupi kuliko mwiko. Bila mpini huo, mashine ya kulipulia baruti ni sanduku tu.

Asiyejua yaliyopita atadhani ni mzaha. Mativo hacheki. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia katika machimbo haya ya mawe, mashariki mwa Nairobi, kwa mshahara ambao mwaka huu wa 1984 ni shilingi 1,150 kwa mwezi. Kila asubuhi hutembea saa nzima kutoka Jericho, anakoishi na mkewe Syombua.

Miaka mitano iliyopita, king'ora cha machimbo kilikuwa kimoja kwa kazi zote. Kililia wakati wa chai, kikalia wakati wa baruti. Watu wakakizoea, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani. Siku moja kililia, hakuna aliyeinua kichwa, na jiwe likatoboa bati la Wacera na kuanguka kitandani. Lydiah, mtoto wa mwaka mmoja, alikuwa ametolewa kitandani hapo muda mfupi tu ili aogeshwe.

"Mkono uliozungusha mpini ni huu," Mativo anasema, akiuonyesha. "Nililiona hilo jiwe kitandani. Kuna siku bado naliona."

Wakazi walifunga barabara siku kumi na moja, hakuna lori lililopita. Kampuni ikaitisha mkutano Jumapili, ikawakusanya wanaume, ikawaahidi king'ora kipya. Wanaume wakapiga makofi. Jumatatu wakaenda zao kazini mjini, na barabara ikabaki imefungwa vilevile.

Mativo ndiye aliyeona kosa lilipo. Saa sita mchana, mwanamume gani yuko nyumbani? Waliopewa ahadi si wanaoishi na mlipuko. Akaenda mwenyewe kwenye foleni ya maji, bila kutumwa na mtu, akawauliza akina mama wanataka nini. Walimtukana kwanza, anakiri, na hakuwalaumu.

Wacera alipomaliza kumtukana, akamjibu.

"King'ora mtakishika nyinyi, hata kikiwa kipya," alimwambia. "Tupatie kitu tutakachoshika sisi. Na wewe, ungeweza kulala hapa?"

Swali hilo hakulijibu. Ombi lao alilipeleka, pamoja na wazo la mpini, kwa meneja, Bwana Gachanja, ambaye kwa kuchoshwa na malori yaliyolala akakubali mpini ukae kwa Wacera, na barabara ikafunguliwa.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mpini ulikaa kwa Wacera, imani haikuwapo. Akina mama walikuwa wakimpa Mativo mpini huku wakimtazama kama mwizi aliyekuja kuazima panga. Hali iliendelea hivyo hadi Machi mwaka huu.

Siku hiyo mtoto mmoja, Koki, hakuonekana. Wacera akakataa kutoa mpini. Malori tisa yalikuwa yakingoja na mvua ilikuwa inakaribia kulowesha baruti. Bwana Gachanja akafungua droo, akatoa mpini wa pili. Kumbe ulikuwapo siku zote.

Mativo aliupokea. Badala ya kuteremka mashineni, alipanda nao Mawe Matatu na kumkabidhi Wacera mbele ya kila mtu.

"Nilijua nikirudi huenda kazi sina," anasema. " Nilimwambia tu, Mama Lydiah, huu nao ni wako. Sikuujua."

Koki alipatikana saa tisa. Alikuwa Dandora kwa nyanya yake, amekula ameshiba, mbali kabisa na jiwe lolote. Baruti ingelipuliwa saa sita, hakuna ambaye angeumia.

"Hiyo ndiyo iliyotugusa," Wacera anasema. "Hakujua mtoto yuko wapi. Sisi pia hatukujua. Alingoja na sisi."

Bwana Gachanja alimnunia wiki mbili. Wiki ya tatu, Mativo akiwa kitandani na malaria, meneja alipanda kilima mwenyewe, kofia mkononi, kumwombea mlipuaji mwingine mpini. Wacera alimpa na kikombe cha uji juu yake. Tangu hapo hakuna siku barabara imefungwa.

Mativo anastaafu baada ya miaka miwili. Syombua alidhani watarudi Machakos, mpaka mumewe alipomwambia ameomba kiwanja Mawe Matatu, jirani na Wacera, nyumba ya kwanza kutoka shimoni. Alimwuliza kama vumbi limemwingia kichwani.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Mativo anasema. "Niliulizwa kama ningelala hapa. Mtu anayeheshimiwa hujibiwa, hata kama ni kwa kuchelewa."

Syombua ameshakubali, kwa sharti kwamba jikoni kujengwe kwa mawe. Wacera amekwisha kupima kiwanja kwa hatua zake.

Na siku baruti itakapolipuliwa na mwingine, yeye atakuwa wapi? Mlipuko wa leo umekwisha, na Mativo anapangusa mpini kwa shati kabla ya kuurudisha koponi.

"Ndani ya nyumba," anasema, "nikingoja Mama Lydiah aniite, nami nijibu kwamba niko."